Saratani ya titi kwa wanaume: uvimbe usiouma usiupuuze

Kila Oktoba, mwezi wa kuhamasisha uchunguzi wa saratani ya matiti, wito huelekezwa kwa akina mama. Ni haki yao, kwani duniani takriban wagonjwa 99 kati ya 100 wa saratani hii ni wanawake. Tatizo ni yule mmoja aliyebaki. Mara nyingi hufika hospitali ugonjwa umeshasambaa, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwambia kwamba naye ana titi.

Nyuma ya chuchu ya mwanamume kuna tishu za titi na vijifereji vichache ambavyo havikukua, kwa sababu hakupata kiwango cha homoni ya estrojeni anachopata msichana akivunja ungo. Humo ndimo saratani huanzia, hasa kwa wenye umri wa miaka 60 na zaidi, ingawa hata walio chini ya hapo huipata. Na kwa kuwa titi lenyewe ni dogo, uvimbe hauna safari ndefu kufika kwenye ngozi au misuli ya kifua.

Si kila uvimbe ni saratani. Kijana wa miaka 14 pale Kihonda, Morogoro, akivimba chini ya chuchu, mara nyingi ni homoni za balehe, na hali hiyo huisha yenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Mzee anayemeza spironolaktoni kwa ajili ya moyo au ini anaweza kuota matiti, na ndivyo ilivyowatokea baadhi ya wanaume waliotumia efavirenzi, mojawapo ya dawa za kufubaza VVU. Uvimbe wa aina hiyo hunepanepa kama mpira, huizunguka chuchu na huuma ukiguswa. Wa saratani kwa kawaida huwa upande mmoja, ni mgumu, na hauumi. Hapo ndipo wengi wanapopotea. Kinachouma hupelekwa zahanati siku hiyo hiyo. Kisichouma husubiri mpunga uvunwe kwanza.

Dalili nyingine ni chuchu kuingia ndani, kidonda kisichopona, uvimbe kwapani, na majimaji au damu kutoka kwenye chuchu. Mathew Knowles, baba wa mwanamuziki Beyoncé, alishtushwa na vitone vya damu kwenye fulana zake. Mwaka 2019 alitangaza hadharani kuwa ana saratani ya titi, na vipimo vilionyesha kwamba amebeba hitilafu katika jeni ya BRCA2. Kati ya wanaume 100 wenye hitilafu hiyo, takriban 7 hupata saratani ya titi maishani mwao.

Suala la jeni linahitaji uangalifu zaidi hapa Morogoro. Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mgonjwa akiulizwa kama kuna aliyeugua saratani katika ukoo wake, anaweza kuwataja wajomba na mama wadogo, akawaacha shangazi zake. Jeni hizi hurithiwa kwa baba na kwa mama sawasawa. Kwa hiyo mtaje shangazi aliyeugua titi, bibi mzaa baba aliyeugua ovari, na baba mkubwa aliyeugua tezi dume. Nawe ukigundulika una hitilafu hiyo, waambie watoto wako, wa kike na wa kiume, maana kila mmoja ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuirithi.

Mambo mengine yanayoongeza hatari ni unene uliopitiliza, kuzaliwa na kromosomu X ya ziada, na ini lililosinyaa kwa pombe au homa ya ini, kwani ini bovu huacha homoni zikavurugika mwilini.

Ukigundua uvimbe, anzia kituo cha afya, uombe rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Kipimo cha kukata shauri ni kuchukua kinyama kwa sindano na kukiangalia kwa hadubini. Usiridhike na dozi za antibiotiki zisizokwisha. Matibabu ni upasuaji, dawa, na mionzi kwa watakaoihitaji, inayotolewa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Takriban 9 kati ya 10 ya saratani hizi kwa wanaume hutegemea estrojeni, hivyo wagonjwa wengi huandikiwa vidonge vya tamoksifeni kwa miaka 5 au zaidi. Vinaweza kupunguza hamu ya tendo la ndoa, na wapo wanaoviacha kimyakimya kwa aibu. Mweleze daktari wako kabla ya kuviacha.

Mara moja kwa mwezi, ukiwa unaoga, pitisha vidole vyenye sabuni kuzunguka chuchu zote mbili hadi kwapani. Ukigusa kitu kigumu ambacho hakikuwapo, usisubiri kiume. Nenda kapimwe wiki hiyo hiyo, na umhimize baba yako naye ajichunguze.