Neno "Ushahidi" kama Jina la Programu ya Kompyuta

Makala haya yanakusudia kuchunguza neno moja la Kiswahili ambalo tangu mwaka 2008 limekuwa pia jina la programu ya kompyuta, nalo ni ushahidi. Wageni walielezapo jina hili hulifasiri kuwa kauli ya mtu aliyeona jambo. Fasiri hiyo si kosa, ila ni nusu ya maana, na nusu iliyoachwa ndiyo nzito.

Programu yenyewe ilizaliwa Kenya katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007. Serikali ilikuwa imepiga marufuku matangazo ya moja kwa moja, na habari za mauaji zikawa za kunong'onezana. Mapema Januari 2008 mwanasheria Ory Okolloh alitoa wazo kwamba matukio hayo yaonyeshwe kwenye ramani. Yeye pamoja na Erik Hersman, Juliana Rotich, David Kobia na wenzao wakaunda chombo cha kupokea taarifa za raia kwa simu na kwa intaneti. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu baadaye vifo 1,133.

Asili ya neno ni mzizi wa Kiarabu sh-h-d, lakini umbo ushahidi ni la Kiswahili chenyewe: kiambishi u- kimetiwa kwenye shahidi, kama vile tajiri lilivyozaa utajiri na maskini likazaa umaskini. Nomino dhahania ya Waarabu imeingia kwetu pia, nayo ni shahada. Ila hiyo imeshika njia nyingine, ikawa kalima ya imani ya Kiislamu na, jambo la kuchekesha kidogo, cheti cha chuo kikuu.

Shahidi nalo lina siri yake. Kiarabu kina maneno mawili, moja likiwa na irabu ndefu mwanzoni, nalo ni aonaye na kusema. Jingine likiwa na irabu ndefu mwishoni, nalo ni afaye kwa ajili ya imani yake. Kiswahili hakikuhifadhi tofauti hiyo ya irabu, basi maneno yote mawili yakaangukia umbo moja. Ndiyo sababu twasema Mashahidi wa Yehova, walio hai, na Mashahidi wa Uganda, waliouawa. Hatudai kwamba waundaji wa programu walikusudia maana hii ya pili. Lakini kwa masikio ya Mswahili, jina lililotolewa wakati watu wakiuawa haliwezi kuikwepa kabisa.

Tukirudi kwenye ile nusu iliyoachwa, mahakamani ushahidi si kauli peke yake. Panga lenye damu ni ushahidi ingawa halisemi. Kama kauli ya mtu ingetosha, neno ushuhuda, tulisikialo makanisani, lingefaa zaidi. Ushahidi hudai ithibati, na hapo ndipo jina linapokitangulia chombo: ujumbe wa simu ni kauli tu mpaka uhakikiwe, na kwa haki kabisa programu hutenganisha taarifa zilizothibitishwa na zisizothibitishwa. Jambo hili lilionekana wazi zaidi Haiti, baada ya tetemeko la Januari 2010. Watu waliandika kuomba maji, chakula na uokozi. Hayo yalikuwa maombi, si ushahidi kwa maana yoyote ya Kiswahili. Jina lilikuwa limesafiri mbali kuliko maana yake.

Sarufi nayo imeanza kuwatenga hawa wawili. Neno la kawaida ni la ngeli ya U: "Ushahidi umepotea." Jina la programu, kwa kuwa nyuma yake limejificha neno programu, huelekea upatanisho wa I: "Ushahidi ilitumika Haiti." Mhariri akiisahihisha sentensi hii ya pili iwe "ulitumika," atakuwa amebadili habari yenyewe, kwani msomaji atadhani kulikuwa na kesi.