Neno "non" lilinila elfu 60: jifunze Kiingereza cha biashara kwa simu yako



Mimi nauza viatu vya watoto kwa WhatsApp hapa Mkula, wateja wangu wengi wapo Lamadi na Bariadi. Kuna siku niliagiza mzigo kwa muuzaji wa mtandaoni anayeandika Kiingereza kitupu. Akataka nitangulize elfu 60, na pembeni kaandika "non-refundable". Mimi nikaona "refund" tu, nikajua hela inarudi. Nikatuma. Mzigo ukachelewa mpaka shule zikafunguliwa, nikadai changu. Jibu: hairudi.

Mtoto wa dada yangu yupo kidato cha tatu. Akasoma, akaniambia, "Mama mdogo, hiyo 'non' mbele inakataa." Herufi tatu tu, elfu 60 imekwenda!

Tangu hapo najifunza kila siku dakika 15, bure, bando tu. Natumia hivi:

1. Google Translate. Nakopi meseji ya muuzaji, naibandika, inakuja Kiswahili. Kama ni picha ya lebo au bango, naielekezea kamera. Ila angalia: sentensi ndefu huichanganya. Ikate vipande vifupi.

2. Cambridge Dictionary. Neno linalogusa hela sikubali tafsiri moja tu. Hapa napata maana, mifano, na sauti ya kulitamka.

3. LearnEnglish ya British Council. Masomo yamepangwa kwa ngazi, A1 ni ya anayeanza. Kuna na jaribio la kujua uko ngazi gani. Usione aibu kuanzia chini.

4. BBC Learning English. Hawa wanafundisha tangu 1943, enzi za redio. Kipindi chao cha "6 Minute English" ni cha dakika 6, na maongezi yote yameandikwa. Mwanzoni kitakuwa kigumu, kwa hiyo sikiliza huku unasoma. Bando likiwa dogo, soma maandishi peke yake.

Sasa siri yenyewe: usijifunze Kiingereza chote kwa mpigo, utachoka. Anza na cha biashara yako. Mimi kila siku natoa maneno matatu kwenye meseji za wauzaji, nayaandika kwenye daftari la mauzo. Kwa mwezi ni maneno 90. "In stock", mzigo upo. "Out of stock", umeisha. "Per pair", bei ya jozi. "MOQ", idadi ya chini unayoruhusiwa kuagiza.

Na kabla hujatuma hata shilingi, uliza haya matatu kwa maandishi:

"Is this the price for one pair?" Yaani, hii ni bei ya jozi moja?
"Who pays for delivery?" Nani analipia usafiri?
"Can I get my money back?" Naweza kurudishiwa hela yangu?

Majibu yapige picha ya skrini, yatunze. Asiyetaka kujibu, huyo hela yako usimpe.

Mtaji wetu ni mdogo, jamani, hauna nafasi ya kubahatisha neno.

Haya, niandikie hapo chini: neno gani la Kiingereza limewahi kukupiga chenga kwenye biashara? Tusaidiane. Na mtumie mwenzako anayeagiza mzigo mtandaoni.