Al-Bahr: Je, Ziwa Letu ni Bahari?

Baada ya swala ya Alasiri, karibu na mwalo wa Kirumba hapa Mwanza, mvuvi mmoja alinionyesha sangara aliyemkuta akielea, amekwisha kufa. Akaniuliza: "Sheikh, tumefundishwa kwamba mfu wa baharini ni halali. Sisi hatuna bahari, tuna ziwa. Je, ruhusa hiyo inatuhusu?"

Waliokuwapo walicheka. Mimi sikucheka, kwani kosa si lake bali ni la tafsiri zetu. Kiswahili kilichukua neno la Kiarabu bahr, kikalifanya bahari, kisha kikalibana hata likabaki na maji ya chumvi peke yake.

Katika Kiarabu cha kale neno hili ni pana zaidi. Wanalugha hulirejesha kwenye maana ya kupasua na ya upana. Ngamia jike aliyepasuliwa sikio zama za ujahilia aliitwa bahira, naye ametajwa katika Suratul Maida, aya ya 103. Hata farasi huitwa bahr. Usiku mmoja watu wa Madina waliingiwa na hofu, Mtume (S.A.W.) akampanda Mandub, farasi wa Abu Talha aliyejulikana kwa uzito wa mwendo. Aliporejea aliwaambia kuwa hakuona la kutisha, ila farasi yule amemkuta ni bahari, yaani mbio zake hazikatiki. Hapana chumvi hapo! Na mto unaopokea maji ya ziwa letu hili, ufikapo Sudan Kusini, kwa Kiarabu huitwa Bahr al-Jabal.

Kwa upana huo huo mtu mmoja alipewa lakabu ya Al-Bahr. Huyo ni Abdallah bin Abbas (R.A.), binamu yake Mtume, aliyefariki Taif mwaka 68 Hijria. Mwanafunzi wake Mujahid amesimulia kuwa aliitwa hivyo kwa wingi wa elimu yake. Katika Sahihi Bukhari, Jabir bin Zayd wa Basra anamtaja kwa lakabu hiyo anapoeleza kwamba Ibn Abbas hakukubali kuharamisha nyama ya punda wa kufugwa. Wanazuoni wengi hawakumfuata katika hilo, wala hawakumvua lakabu yake. Siku hizi sisi tukihitilafiana na mtu katika mas'ala moja, humvua hata kilemba.

Sasa turudi kwa sangara. Suratu Fatir, aya ya 12, inataja bahari mbili, moja tamu na nyingine ya chumvi, na kwamba katika zote mbili watu hula nyama laini. Kwa aya hiyo Ata, mwanazuoni wa Makka, alipoulizwa juu ya windo la mito na la madimbwi ya mafuriko, alijibu kuwa hilo nalo ni windo la bahari. Basi mtu wa Ukerewe, Musoma au Bukoba ana bahari yake, tena tamu.

Ama samaki afaye mwenyewe akaelea, ndugu zetu wa madhehebu ya Hanafi hawamli. Shafi, tunaomfuata wengi hapa nchini, anamhalalisha. Al-Bahr mwenyewe alikifasiri chakula cha bahari, kilichotajwa katika aya ya 96 ya Maida, kuwa ni mfu wake, ila yule unayemwona kinyaa. Na hapa kwetu kuna jambo la kuchunguza zaidi. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa ziwa hili kwa sababu ya taarifa za uvuvi wa sumu. Aliyeuawa kwa sumu hazuiwi kwa kuwa ni mfu. Anazuiwa kwa madhara yake, na hapo madhehebu hayagombani.

Nilimtazama tena sangara wa yule mvuvi. Tumbo limevimba, macho yamegeuka maziwa, na nzi wamemtangulia. Nikamwambia: "Ziwa lako ni bahari, ndugu yangu, lakini huyu hata Al-Bahr asingemla."

Akamtupa.