Mofini Si Dawa ya Kufia

Ndugu wengi wa mgonjwa wakisikia "mofini" huona sanda. Mimi ni muuguzi wa tiba shufaa hapa Dar es Salaam, nawazungukia wenye saratani majumbani, na kazi yangu ya kwanza ni kuiondoa hofu hiyo.

Haikuzuka tu. Mofini hutoka kwenye utomvu wa mpopi, mmea uleule wa afyuni, na heroini hutengenezwa kwa mofini. Lakini mgonjwa ambaye saratani imemfika mifupani, akanywa kipimo alichopangiwa huku akifuatiliwa, ni nadra ageuke teja. Mwili utaizoea, kweli, ndiyo maana haikatizwi ghafla. Hupunguzwa kidogo kidogo.

Ya kwetu ni ya maji, chungu sana. Kuna bibi mmoja Mbagala ambaye mjukuu wake humpimia kwa bomba lisilo na sindano, kila baada ya saa 4, maumivu yawepo yasiwepo. Ukingoja mpaka mgonjwa alie, umechelewa. Dozi ya kulalia huwa maradufu ili asiamshwe usiku wa manane. Wiki ya pili nilimkuta ameketi mkekani, anachambua mchicha na kumgombeza mjukuu kwa kuacha mikia. Nilifurahi mno. Kabla ya hapo hata kugeuzwa kitandani alikuwa hataki.

Kichefuchefu na kusinzia hupungua baada ya siku chache. Choo kigumu hakipungui, kwa hiyo dawa ya kulainisha huanza siku ileile.

Naionea wivu Uganda. Dkt. Anne Merriman alianzisha huko Hospice Africa mwaka 1993, na tangu 2004 sheria inawaruhusu wauguzi waliosomea tiba hii kuandika mofini wenyewe. Kijijini muuguzi ndiye aliye karibu na mgonjwa.

Hatari kubwa iko kwenye pumzi. Kipimo kikizidi, au kikichanganywa na pombe au dawa za usingizi, upumuaji hupungua hadi kusimama. Mwenye figo mbovu hupewa kwa tahadhari zaidi. Ukiona mgonjwa haamki kwa kutikiswa, mboni zimekuwa kama ncha ya sindano na anavuta pumzi mojamoja, mkimbizeni hospitali. Ipo dawa ya kuizima, naloksoni.

Chupa ifungiwe kabatini, watoto wasiifikie. Mgonjwa akifariki, iliyobaki irudishwe ilikotolewa. Asipewe jirani mwenye jino bovu, hata akiomba vipi.