Lita mbili za ziwa zilizobaki

Mwezi huu tunawaletea hesabu, lakini msifunge gazeti kwanza.

Darasani kwetu wamo watoto ambao wazazi wao walitoka Gitaza, pale kwenye barabara ya Bujumbura kwenda Rumonge, mlima upande huu, ziwa upande ule. Nyumbani wanasikia habari za mukeke na ndagala kila siku, lakini wao wamezaliwa kambini, ziwa lenyewe hawajaliona. Mmoja akatuuliza: "Mwalimu, Tanganyika ina maji kiasi gani?"

Wataalamu wanakadiria kilomita za ujazo 18,900. Kilomita moja ya ujazo ni lita trilioni moja. Basi tukaandika ubaoni lita 18,900,000,000,000,000, yaani 189 na sufuri 14. Wakapiga kelele!

Namba ndefu hivyo, nani ataigawa? Kumbe si lazima. Hizo sufuri 14 maana yake humo ndani zimezidishwa 2 mara 14 na 5 mara 14. Na 189 ni 3 × 3 × 3 × 7. Kwa hiyo watu wawili, watatu, hata kumi, idadi yoyote hadi kumi wanagawana ziwa lote bila kubaki hata lita moja. Wa kwanza kushindwa ni watu 11. Kuwapima ni rahisi: anza kulia, tarakimu ya kwanza jumlisha, ya pili toa, ya tatu jumlisha, hivyo hivyo hadi mwisho. Hapa unapata 9 − 8 + 1, ni 2. Zinabaki lita mbili. "Za mwalimu!" wakasema.

Tuwe wakweli lakini. Lita mbili hizo ni za namba ya ubaoni, si za ziwa. Jua linakausha maji, mto Lukuga unayatoa upande wa Kongo, mvua inaongeza. Mwaka 2024 ziwa lilipanda hadi likaingia nyumba za watu Rumonge.

Kwa nini tunasumbuka na 11? Juzi juzi tulinakili orodha ya chakula ya kikundi chetu. Familia ya watu 7, kila mtu gramu 12,600, jumla 88,200. Sisi tukaandika 82,800. Kilo 5 na gramu 400 zimepotea kwa kalamu tu! Tulipima kwa 9, kwa kujumlisha tarakimu, tukapata 18 ileile. Tarakimu zikibadilishana nafasi, 9 haioni kitu. Kwa 11, namba 12,600 inatoa 5. Mara 7 ni 35, ukiondoa 33 inabaki 2. Lakini 82,800 inatoa 14, ukiondoa 11 inabaki 3. Mbili na tatu haziendani, tukarudi kwenye daftari.

Mama mwenyewe alisema alikuwa hajalala, anafikiria atawapunguzia watoto vipi.

Sasa kila mstari tunaupima kwa 9 na kwa 11. Wenye shaka na hesabu zao walete kadi, Jumamosi asubuhi tupo darasani.