Mkondo Huchaguliwa kwa Kipawa

Mwaka 2025, nikiwa mjini Migori, mzazi mmoja alinijia kutaka ushauri. Bintiye, mwanafunzi wa Gredi ya 9, alitakiwa kuchagua mkondo wa sekondari pevu: Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, Sayansi za Jamii, au Sanaa na Sayansi ya Michezo.

“Daktari,” alilalama, “mtoto huyu anapenda lugha, na lugha ni za walioshindwa.”

Sikukasirika, ingawa isimu ndiyo inayonilisha. Nilimgeukia binti, ambaye hadi hapo hakuwa ameulizwa lolote. Akasema kuwa nyanya yake, aliyeko kisiwani Mfangano katika Homa Bay, huzungumza Kisuba, naye huambulia maneno machache tu. Alitamani kukijua na kukiandika.

Ndugu msomaji, Kisuba kinazidi kumezwa na Kijaluo. Ni nani atakayehifadhi sarufi na msamiati wake iwapo kila mwenye kipawa cha lugha atasukumiwa maabara? Siidharau sayansi, ziwa letu lawahitaji wanasayansi. Isitoshe, Hisabati ni lazima katika mikondo yote mitatu, hivyo achaguaye lugha hakimbii hesabu.

Walimu, mshaurini mwanafunzi kwa kuzitazama kazi zake za darasani, kisha mhakikishe kwamba shule anayoitamani inafundisha masomo 3 aliyoyachagua. Nanyi wazazi, kabla ya kutafuta daktari wa chuo kikuu, muulizeni kwanza mtoto.