Kujiundia Kompyuta ya Kwanza Nyumbani: Kamilisha Orodha Kabla ya Kutoa Pesa

Haja ya kuwa na kompyuta nyumbani inazidi kuongezeka katika kaunti yetu. Mwanafunzi anatuma maombi ya chuo kupitia tovuti ya KUCCPS, mfanyabiashara anawasilisha marejesho ya ushuru kwenye iTax kabla ya Juni 30, na kijana anatafuta kazi za mtandaoni. Baadhi ya wakazi huuliza kama wanaweza kununua vipuri wenyewe na kuviunganisha, badala ya kununua mashine iliyokamilika.

Inawezekana. Kuunganisha vipuri hakuhitaji kuchomelea chochote. Bisibisi moja ya nyota inatosha, na anayeifanya kazi hiyo kwa mara ya kwanza huimaliza kwa saa chache. Sehemu ngumu ni kuchagua vipuri vinavyokubaliana. Hapo ndipo pesa za familia hupotelea, na makala haya yanaeleza namna ya kuzilinda.

Kompyuta haijengwi kama nyumba

Wengi wetu hujenga nyumba kwa awamu. Mwaka huu msingi, mwaka ujao kuta, na mabati siku yatakapopatikana. Mawe yakikaa uwanjani miaka miwili hayaharibiki, kwa hiyo utaratibu huo hauna hasara kubwa.

Vipuri vya kompyuta ni tofauti. Chukua mfano wa mzazi anayenunua ubao mama mwezi Januari baada ya kuuza mahindi, prosesa mwezi Aprili chama kinapogawa pesa, na RAM mwezi Juni. Mwezi Agosti anapata pawa saplai, anaunganisha kila kitu na kubonyeza kitufe. Skrini inabaki giza. Hajui ni kipuri gani kibovu, kwa sababu hakuna hata kimoja kilichowahi kujaribiwa. Dhamana ya ubao mama nayo ilikwisha zamani, ukiwa bado ndani ya boksi.

Haba na haba hujaza kibaba, lakini hapa haba na haba iwe ya pesa, si ya vipuri. Weka akiba kwenye chama, SACCO au simu hadi itoshe kununua kila kitu. Wakati huo huo andika orodha kamili ya vipuri. Kisha nunua vyote ndani ya wiki moja, na uvijaribu dhamana ikiwa bado hai.

1. Anza na kazi

Kabla ya kutaja kipuri chochote, andika kazi tatu ambazo mashine itafanya mara nyingi zaidi. Kwa kuandika, kusoma mtandaoni, hesabu za biashara na masomo kwa video, prosesa yenye viini vinne, RAM ya GB 8 na diski ya SSD ya GB 256 zinatosha. RAM ya GB 16 itaifanya mashine idumu na kazi miaka mingi zaidi. Mashine kama hii haihitaji kadi ya picha ya kununuliwa peke yake.

Anayehariri video za harusi au kuchora ramani za majengo atahitaji viini sita au zaidi, RAM ya GB 16 hadi 32, na pengine kadi ya picha. Ukiacha kuandika kazi zako, muuzaji atakuchagulia, na huenda ukalipia nguvu ambazo hutazitumia kamwe.

2. Prosesa na ubao mama ni ufunguo na kufuli

Prosesa ndiyo ubongo wa kompyuta. Ubao mama, ambao mafundi huuita madabodi, ndio unaobeba vipuri vingine vyote na kuviunganisha. Prosesa hukaa kwenye tundu la ubao huo liitwalo soketi, na kila soketi ina prosesa zake.

Prosesa za AMD Ryzen za mfululizo wa 5000 nyingi hutumia soketi ya AM4, ilhali za mfululizo wa 7000 hutumia AM5. Prosesa za Intel Core za kizazi cha 12, 13 na 14 hutumia LGA1700. Prosesa ya AM4 haikai kwenye ubao wa AM5, na kuilazimisha ni kuiharibu.

Kuna mitego mitatu ya kuangalia. Wa kwanza, jina la soketi kuwa moja halimaanishi vipuri vinakubaliana. Soketi ya LGA1151 ilitumiwa na prosesa za Intel za kizazi cha 6 hadi cha 9, lakini ubao uliotengenezewa kizazi cha 6 na cha 7 haukutengenezwa kutumika na kizazi cha 8 na cha 9. Prosesa itaingia vizuri, lakini mashine haitawaka.

Wa pili, ubao wa zamani kidogo unaweza kuhitaji programu yake ya ndani, iitwayo BIOS, isasishwe kabla ya kuitambua prosesa mpya zaidi. Fungua tovuti ya mtengenezaji wa ubao na utafute orodha ya prosesa zinazokubalika. Kama prosesa yako inahitaji toleo jipya la BIOS, mwambie muuzaji asasishe kabla hujauchukua ubao.

Wa tatu ni herufi moja mwishoni mwa jina. Intel Core i3-12100 inaweza kutoa picha kwenye skrini yenyewe, lakini i3-12100F haiwezi bila kadi ya picha. Vivyo hivyo Ryzen 5 5600G inatoa picha, ilhali Ryzen 5 5600 haitoi. Mtu huvutiwa na bei ya chini ya ile isiyotoa picha, kisha akalazimika kununua kadi ambayo hakuipangia.

3. RAM: tazama namba na umbo

RAM huja kwa vizazi: DDR3, DDR4 na DDR5. Kila kizazi kina mkato mahali pake, kwa hiyo kimoja hakiingii penye kingine. Ubao wa AM4 hutumia DDR4 na wa AM5 hutumia DDR5. Ubao wa LGA1700 unaweza kuwa wa DDR4 au wa DDR5 kutegemea ulivyotengenezwa, kwa hiyo soma maandishi ya boksi lake. Kumbuka pia kwamba RAM ya kawaida ya laptopu ni fupi na haikai kwenye kompyuta ya mezani.

Pesa zikiruhusu, nunua vipande viwili vya GB 8 badala ya kimoja cha GB 16. Ubao husoma vipande viwili kwa pamoja, na mashine inayotegemea prosesa kutoa picha hunufaika zaidi.

4. Diski: SSD kwanza

Hakuna kinachobadilisha kasi ya kompyuta ya kawaida kama kuacha diski ya zamani inayozunguka na kutumia SSD. SSD zinazounganishwa kwa waya wa SATA husoma takriban MB 550 kwa sekunde. Zile bapa za NVMe, zinazochomekwa moja kwa moja kwenye ubao mama, nyingi husoma MB 2,000 au zaidi. Kwa kazi za kila siku zote mbili zinafaa. Hakikisha tu kwamba tundu la M.2 la ubao wako linakubali aina unayonunua, kwa kuwa yapo yanayokubali NVMe pekee na mengine SATA pekee.

5. Pawa saplai: usifanye uchumi hapa

Pawa saplai hupokea umeme wa stima na kuugawa kwa vipuri vyote. Kwa kuwa haionekani kuongeza kasi, wengi huiacha mwisho na kuinunulia chenji iliyobaki. Hilo ni kosa kubwa, kwa sababu pawa saplai mbovu ikilipuka inaweza kuua ubao mama, diski na kazi zote zilizohifadhiwa humo.

Mashine ya kazi za kawaida isiyo na kadi ya picha mara nyingi hutumia chini ya wati 150. Pawa saplai nzuri ya wati 400 au 450 inatosha na kubakiza. Usidanganywe na namba kubwa kwenye karatasi. Iliyo nyepesi mno, isiyo na jina la mtengenezaji na inayodai wati 700 kwa bei ya chakula cha mchana ni ya kutiliwa shaka. Tafuta alama ya 80 Plus, inayoonyesha kwamba aina hiyo ilipimwa na kupatikana haipotezi umeme mwingi kwa joto.

Baadhi ya pawa saplai huwa na swichi ndogo nyekundu nyuma, yenye namba 115 na 230. Umeme wetu nchini Kenya ni volti 240, kwa hiyo swichi hiyo lazima iwe kwenye 230 kabla ya kuchomeka waya ukutani. Ikiwa kwenye 115, pawa saplai itaungua mara moja. Na hata ikiharibika, usiifungue, kwani ndani yake hubaki umeme wa kudhuru hata baada ya kuchomolewa.

Mahali ambapo stima hupotea na kurudi ghafla, panga pia bajeti ya UPS, ili mashine ipate muda wa kuzimwa taratibu.

6. Kasha na hewa

Ubao mama wa ATX una vipimo vya milimita 305 kwa 244, na wa microATX ni 244 kwa 244. Kasha la ATX kwa kawaida hubeba wa microATX, lakini kasha dogo halitabeba ubao mkubwa. Chagua kasha lenye nafasi ya hewa mbele na feni angalau moja. Katika maeneo yetu yenye vumbi au joto jingi, chujio la vumbi linaloweza kutolewa na kuoshwa ni jambo la maana.

Vipuri vilivyotumika

Vipuri vya mitumba hupunguza gharama, lakini fikiria programu zitakazotumika. Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inahitaji, pamoja na mambo mengine, RAM ya GB 4, diski ya GB 64, na prosesa iliyo kwenye orodha ya zinazokubalika, ambayo kwa Intel huanzia kizazi cha 8 na kwa AMD mfululizo wa Ryzen 2000, isipokuwa chache. Ukinunua prosesa ya zamani zaidi ya hapo, jipange kutumia Linux, kama vile Ubuntu au Linux Mint, ambazo hazilipishwi.

Ubao uliotumika nao huenda ukawa na betri ndogo iliyokwisha, aina ya CR2032. Dalili yake ni saa ya kompyuta kurudi nyuma kila mashine inapozimwa na kuchomolewa, na tovuti kama eCitizen kukataa kufunguka kwa sababu tarehe si sahihi. Usiharakishe kuutupa ubao; badilisha betri kwanza.

Ukifika dukani

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa na maelezo ya kumwezesha kuzitumia vyema. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, nayo inamlinda mnunuzi aliyemweleza muuzaji kazi anayotaka bidhaa ifanye na kutegemea ujuzi wa muuzaji huyo. Kwa hiyo peleka orodha yako na useme wazi: "Vipuri hivi vyote viende kwenye mashine moja." Omba hilo liandikwe kwenye risiti, pamoja na jina kamili la kila kipuri, muda wa dhamana na kama kitabadilishwa au kutengenezwa. Lipa kwa njia inayoacha kumbukumbu. Muuzaji akikataa kutimiza wajibu wake, malalamiko yanaweza kuwasilishwa kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, na hapo risiti ndiyo itakayokutetea.

Maswali ya kujibu kabla ya kulipa

1. Je, soketi ya prosesa na ya ubao mama ni moja, na prosesa imo kwenye orodha ya mtengenezaji wa ubao?
2. Je, prosesa inatoa picha yenyewe? Kama haitoi, kadi ya picha imo kwenye orodha?
3. Je, RAM ni ya kizazi kinachokubaliwa na ubao?
4. Je, diski ina mahali pa kuchomekwa?
5. Je, pawa saplai ina wati za kutosha na nyaya zote zinazohitajika?
6. Je, ubao unaingia kwenye kasha?
7. Je, feni ya kupoza prosesa imo boksini au inanunuliwa peke yake?
8. Je, skrini, kibodi, kipanya na waya wa skrini vimo kwenye bajeti?

Swali moja likikosa jibu, funga kibeti na urudi nyumbani. Duka litakuwepo kesho.

Anayetaka jicho la pili amwonyeshe orodha yake mwalimu wa kompyuta au fundi asiyeuza vipuri hivyo. Vyuo vya ufundi vya vijijini viko chini ya serikali za kaunti kwa mujibu wa Katiba ya 2010, na mkazi anaweza kuuliza katika chuo kilicho karibu naye kama kuna mafunzo ya kompyuta. Vipuri vilivyokufa visichomwe wala kutupwa shambani, kwa kuwa vina madini yenye sumu kama risasi. Vitenge na uvipeleke kwa wanaokusanya taka za kielektroniki.